Kipande cha Baba Yake Shida

Watu wakisikia nimesafiri kwenda mkutanoni hudhani nimelipwa posho. Nimechoka kueleza. Mikutano yetu ya watu wa programu huria haina posho, haina bahasha, haina hata mgeni rasmi wa kukata utepe. Inaandaliwa na watu wa kujitolea. Darasa linaazimwa chuoni siku ya Jumamosi, chai inachangwa, na jina lako unaliandika mwenyewe kwenye karatasi ya kunata na kulibandika kifuani. Anayetaka kuzungumza anaomba, anapangiwa nusu saa, na nauli anajitegemea. Mke wangu Maryamu huniuliza nafuata nini huko. Humjibu kwamba huko mtu akikuonyesha kazi yake anakufungulia na ndani, ukitaka unaichukua bure, ukiona kasoro unaisema mbele ya watu wote. Maryamu husema hata sokoni Korogwe kasoro zinasemwa bure, tena bila nauli.

Aliyenipeleka huko ni Yordani. Yeye ni fundi kompyuta, mimi fundi simu, na kwa miaka kumi na moja tumekaa banda moja hapa mjini Korogwe. Ni mtu mrefu, mpole kupita kiasi, wa kufikiria sana kabla ya kusema, mpaka mteja mwingine huondoka akidhani hakusikiwa. Mimi Mzigua wa Mazingara, nikikupeleka kwetu nitakuonyesha kaburi la babu wa babu yangu. Yeye alizaliwa kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge, na ukimwuliza kabila alikuwa anajibu, "Mkonge." Tulicheka hivyo miaka mingi. Mama yake hakuwa anacheka.

Mama yake aliitwa Shida, na jina hakulipewa kwa bahati mbaya. Baba yake aliletwa na mkonge miaka ya hamsini, pamoja na manamba waliokuwa wakikusanywa mikoa ya mbali, akaoa mwanamke wa Kisambaa kutoka Vugiri, akafa kwa homa Shida akiwa na miaka miwili. Mama naye hakukaa sana, akamfuata kaburini. Yule mtoto akalelewa na kambi nzima, na katika kambi nzima hapakuwa na mtu wa kumwambia baba yake alitoka wapi. Urithi wake ulikuwa kipande kimoja tu, yaani kadi ya kazi ya mfanyakazi wa mkonge, yenye vyumba thelathini vya kutia alama za siku. Jina lilishafutwa na maji ya paa linalovuja. Namba ilibaki.

"Kila mtu ana kwao, Hashim," aliniambia siku moja nilipokwenda kumtengenezea redio. "Mimi nikifa mtasema nimerudi wapi?"

Nilimjibu utani fulani. Sikumbuki utani gani, na najuta kwamba nilimjibu utani.

Basi ikatokea kwamba ofisi ya zamani ya lile shamba la mkonge inasafishwa, na makaratasi yanatakiwa kuchomwa. Yordani akaenda kuyaomba. Alirudi na maboksi saba ya daftari za wafanyakazi, yamejaa mavi ya popo. Alikaa nayo miaka minne. Anapiga picha ukurasa, anaandika jina, anaandika namba, anafungua ukurasa mwingine, huku wateja wakinitukana mimi kwa kazi zao alizochelewesha yeye. Kisha akaandika programu akaiita Kipande. Unaweka namba, inakuletea jina la mtu, jina la baba yake, alikotoka na mwaka alioandikishwa. Akaiweka mtandaoni bure, na maandishi yake ya ndani yote, mwenye kutaka aichukue. Watu wa Muheza na Kilosa wenye makaratasi kama yale wakaanza kuongeza ya kwao. Familia moja ikapata kwao Songea, nyingine Njombe, mpaka zikafika arobaini na moja.

Namba ya ile kadi ya mama yake ilikuwa kwenye boksi la sita. Nilikuwepo alipomwambia. Mama Shida alikuwa anamenya mihogo uani.

"Ntabaye, mwana wa Rusimbi," Yordani akasoma. "Kasulu."

Mama akamwambia asome tena. Akasoma mara tatu. Mama akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye khanga taratibu, kisha akalia kama mtoto, mimi na ujanja wangu wote nikatazama pembeni.

"Kumbe mimi ni Muha," alisema.

Mwaka ule Yordani aliomba kuzungumza kwenye mkutano wa Morogoro, akakubaliwa. Tulipanda basi alfajiri, na mpaka tunapita Kabuku alikuwa bado anasogeza midomo kama mtu anayesali. Mbele ya watu alitetemeka hivi kwamba maji yalimwagika kwenye fulana. Lakini alipoanza kusimulia ya mama yake, waliokuwa wakibonyeza kompyuta zao walizifunga. Alionyesha picha ya kadi ukutani. Alieleza namna programu inavyofanya kazi, akasema yote imesimama juu ya jambo moja: kila namba ina mtu wake. Akamaliza, "Mama yangu alikuwa hana kwao. Sasa anako." Watu walisimama kupiga makofi, na mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka moto.

Kwenye maswali alisimama dada mmoja wa Dodoma, kifuani ameandika Grace. Aliuliza kwa adabu, "Umejuaje kwamba kadi moja ilishikwa na mtu mmoja tu?"

Yordani alifikiri, akajibu, "Nimekagua daftari zote. Ofisi haikutoa namba moja mara mbili."

Jibu lilikuwa kweli tupu. Yule dada alishukuru akakaa. Mimi nilimwona mjuaji, na wakati wa chai nilisogea mbali naye makusudi.

Mazungumzo yote ya mikutano hii hurekodiwa na kuwekwa mtandaoni, nayo ya Yordani yakawekwa. Mama Shida aliyatazama kwenye simu ya mwanawe mpaka kifurushi kikaisha. Alipenda pale kwenye makofi. Wakati huo moyo ulishaanza kumsumbua, miguu imevimba, hatoki tena uani. Hata hivyo alimwita muuza mawese mmoja wa sokoni, mtu wa Kigoma, akamfundisha salamu za Kiha. Ukienda kumwamkia anakujibu kwa Kiha, ukikosea kuitikia anakucheka. Sijawahi kumwona mtu amefurahi vile kwa jambo ambalo si la kula wala la kuvaa.

Alifariki mwezi wa nne, mvua zikinyesha. Kwenye wasifu wa marehemu walisoma: Shida binti Ntabaye, wa ukoo wa Rusimbi, Kasulu. Nikajipa utani nisiojua kama Wazigua na Waha wanao. Nikasimama mbele ya jeneza nikasema huyu Muha amekula mihogo yetu miaka sitini na sita, leo anaondoka bila kuaga, basi alipe kwanza. Watu walicheka huku wanalia. Yordani naye alicheka, na aliponishika mkono alisema, "Angalau amekwenda anajua."

Mwezi wa saba simu ililia bandani. Namba ngeni. Mikono ya Yordani ilikuwa kwenye kompyuta ya mtu, kwa hiyo akaweka sauti ya nje.

"Naitwa Simeo, niko Kasulu," alisema mtu mzima. "Nimeonyeshwa video yako, kijana."

"Shikamoo mzee," Yordani akasema, na uso wake ukang'aa. Alidhani ni mjomba.

"Marahaba. Ntabaye wa Rusimbi ni babu yangu, anamzaa baba. Nimefurahi kusikia anatajwa. Ila umesema alifia huko Korogwe. Babu alirudi nyumbani, mwanangu. Mimi nilishika jembe siku ya kumzika, mwaka themanini na saba."

Yordani aliweka bisibisi mezani.

Mzee Simeo alisimulia bila haraka. Babu yake alichomwa jicho na mwiba wa mkonge, kipande chake kikiwa kimefika siku ya kumi na tisa. Kipande kisichojaa siku thelathini kilikuwa hakilipwi. Kwa hiyo alifanya walivyokuwa wakifanya wengi pale kambini: alimwachia kadi mwenzake wa chumba, kijana aliyetoroka shamba jingine na asiye na namba ya kwake. Yule kijana akazimaliza zile siku kwa jina la Ntabaye, na jicho lilipokataa kupona Ntabaye akarudi kwao, mwenzake akabaki na jina. Mbele ya karani alikuwa Ntabaye mpaka mwisho.

"Na huyo mwenzake aliitwa nani?" Yordani aliuliza.

"Babu alimwita mwenzangu. Kila alipomsimulia ni mwenzangu, mwenzangu. Jina sikulisikia."

"Alitoka wapi?"

"Hilo nalo hakulisema. Pole, mwanangu."

Yordani alimshukuru, akamtakia mchana mwema, akakata. Aliilaza ile simu mapajani. Kisha akasema, "Nimemzika mama kwa ukoo wa watu."

Nilimwambia ayaache. Nakiri hilo, maana naona watu siku hizi wananisifia kwa yaliyofuata. Nilimwambia mama alikufa na raha yake, mzee wa Kasulu hana ugomvi, na nani mwingine atajua. Akaniuliza zile familia arobaini na moja, je. Kama kadi zilikuwa zinapokezanwa, wangapi wamekwenda kulia kwenye makaburi ya watu baki? Programu ilikuwa inawaambia bila kusita kwamba huyu ndiye babu yako, naye ndiye aliyeifundisha kusema hivyo.

"Wafu hawasomi programu, Yordani," nilisema.

Akarudi kwenye kompyuta ya mteja. Alikaa wiki nzima hanisemeshi ila kwa habari ya kazi, na ilikuwa haki yangu.

Mwezi wa kumi mkutano ulikuja Korogwe kwa mara ya kwanza. Wenyeji tulikuwa sisi. Tuliazima ukumbi wa shule moja, Maryamu na wenzake wakapika chai, na yeye mwenyewe akasema alau leo ameona kazi ya hii mikutano, kumalizia watu sukari. Kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni Yordani alikuwa wa mwisho kabla ya chakula: Namna Programu Ilivyomrudisha Mama Kwao. Kichwa hicho kiliandikwa mapema, kabla ya ile simu. Habari ilifika kambini, na kina mama kama kumi na watano waliokaa na Shida walikuja na khanga za kutokea, wakiongozwa na Bibi Mashavu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Wote walikuwa wamekuja kumsikia mwenzao anatajwa. Nilipowaona wanakaa nilimfuata Yordani nyuma ya ukumbi nikamwomba tena, safari hii kwa upole, aseme yale ya Morogoro tu.

"Siwezi," alisema. "Leo hii wapo watu wanaoitumia."

Akasimama mbele, na wala hakutetemeka. Alisema yote: simu ya Kasulu, jicho, siku kumi na tisa, yule "mwenzangu" wa mzee Ntabaye asiye na jina. Alisema Morogoro aliulizwa swali akalijibu kama karani, akiamini daftari kuliko watu. Akamtafuta Grace kwa macho, alikuwa amekaa safu ya tatu, akamwomba radhi. Grace aliinamisha kichwa. Kina mama wa kambini walikuwa wametulia, hawajaelewa bado.

Kisha akaifungua programu ukutani, mbele yetu, akairekebisha. Palipokuwa pameandikwa *Huyu ni babu yako* akaandika *Namba hii ilipewa mtu huyu. Huenda aliyefanya kazi ni mwingine.* Alieleza kila mstari anaougusa. Mwisho akafungua ukurasa wa mama yake. Akafuta Rusimbi, akafuta Kasulu. Akafuta Ntabaye. Akabonyeza kuhifadhi, na programu ikakataa. Yalitokea maandishi mekundu: *Jina la baba halijajazwa.* Alikuwa ameiandika hivyo mwanzoni kabisa, kwa kufuata daftari za shamba, ambazo hazikumpokea mtu asiye na baba.

Pale ndipo Bibi Mashavu alipoelewa. Alianza kulia kwa sauti ya chini, na wenzake wakamshika mabega.

Yordani alibaki ameweka vidole juu ya kompyuta, havishuki. Kisha akageuka kunitafuta.

"Hashim," alisema, "njoo uandike wewe. Mimi nimeshindwa."

Nikapita katikati ya viti. Nimewatania watu misibani maisha yangu yote, na siku ile sikuwa na neno hata moja. Nikaandika *Hajulikani*. Nikashuka chini, penye alikotoka, nikaandika *Hapajulikani*. Nikahifadhi. Ikakubali.

Kwa kuwa kina mama walikaa nyuma na hawakuona vizuri, Yordani aliwasomea. "Shida," alisema. "Baba yake, hajulikani. Kwao, hapajulikani." Kisha akashika maiki kwa mikono miwili, akauliza kama kuna mwenye swali.