Familia ya Mzee Elia Mbele ya Wingu

Nakumbuka, mwanangu, alasiri moja ya mwezi wa tatu nilipotoka Kiomboi kwa baiskeli kwenda kupiga picha nyumbani kwa Mzee Elia. Pazia la studio nilikuwa nimelikunja kama mkeka na kulifunga kwenye keria, na kamera ilining'inia kifuani. Mjomba wangu Yona alikuwa na studio ndogo karibu na stendi, na siku hiyo ndipo aliponituma peke yangu kwa mara ya kwanza. Usinione leo goti linanisumbua hata kushuka ngazi. Wakati ule nilikuwa napanda vile vilima bila kushuka kwenye baiskeli, watoto wa njiani wananikimbilia wakipiga kelele, "Mpiga picha! Mpiga picha!" nami nawajibu kwa kengele.

Mzee Elia alikuwa mkulima wa alizeti, mtu wa watu, mwenye watoto waliotawanyika huku na huko. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa bado anaona mwanga na giza, na rangi kali, lakini sura za watu zilikuwa zimempotea. Kesho yake asubuhi kijana wake mkubwa angempeleka Singida kwa basi akafanyiwe upasuaji. Watoto wote walikuwa wamekuja kumuaga, na mkewe, Bibi Marta, ndiye aliyetoa wazo la picha. Alimwambia mjomba, "Mume wangu akifunguliwa macho, nataka atukute wote mahali pamoja. Na kama Mungu hajapenda, basi sisi tubaki na picha ya siku tuliyokuwa naye."

Unaona uzito niliobebeshwa? Mimi mwenyewe sikuuona vizuri. Nilichokuwa nacho kichwani ni masharti ya mjomba: pazia lisimame wima, watu wasimame wima, mikono iwe chini, na asicheke mtu, maana picha si mchezo.

Nilipofika niliegemeza baiskeli ukutani, nikasema "Shikamooni" moja ya jumla, kama mtu anayegawa pipi kwa kurusha, kisha nikaanza kuwaomba vijana waniletee miti ya kutundikia pazia. Lile pazia lilikuwa fahari ya studio yetu. Lilichorwa maporomoko ya maji, ngazi za jumba la kifahari, na juu kabisa ndege ya abiria. Nusu ya watu wa Kiomboi walikuwa wameshapigwa picha mbele ya ndege ile na hakuna aliyewahi kuipanda.

Tulilitundika mbele ya nyumba. Nikaanza kuwapanga watu: wewe huku, wewe kule, mama sogea, mtoto acha kujikuna. Mzee Elia alikuwa amekaa kwenye kigoda, koti lake limefungwa vifungo vyote, uso ameuelekeza shambani. Akaita, "Binti."

"Naam, babu."

"Umeshatusalimia?"

"Nimewasalimia, babu."

"Mimi sijakusikia ukinisalimia. Nimesikia mtu akisalimia uwanja."

Watu wakacheka. Mimi uso ukanichoma. Nikaenda nikapiga goti mbele yake. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama hajambo? Na mjomba wako, kile kikohozi kimepungua? Haya. Sasa zunguka uwasalimie hawa mmoja mmoja, uwajue majina, ndiyo utupange. Sisi si magunia."

Hakusema kwa ukali hata kidogo, alisema huku akinishika mkono. Nikazunguka. Nikamjua Naomi aliyetoka Nduguti na mtoto mgongoni, nikamjua Yusufu fundi baiskeli, nikawajua wajukuu ambao kila mmoja alitaka kunitajia jina lake mara mbili. Bibi Marta nilimkuta akijaribu kufunga kilemba kipya, akaniomba nimsaidie. Nikamfunga, naye akanipapasa shavu.

Tulipokuwa katika salamu hizo, upepo ukaja.

Upepo wa mvua ya kwetu unaujua, haupigi hodi. Uliingia chini ya pazia, likavimba, miti ikang'oka, na maporomoko yetu yote na jumba letu yakapaa juu ya zizi la mbuzi. Mbuzi wakatawanyika. Pazia likaangukia dume la ng'ombe lililokuwa linakula majani kando ya shamba, likalifunika kichwa, na dume likaanza kukimbia likiwa na ngazi za kifahari usoni.

"Kuna nini?" aliuliza Mzee Elia. "Mbona mnapiga kelele?"

Yusufu alikuwa ameinama, ameshika tumbo kwa kicheko. "Baba, leo ndege imeruka kweli!"

Nyumba nzima ilicheka isipokuwa mimi. Vijana walipolikamata lile dume, pazia lilikuwa limechanika katikati na limejaa kinyesi. Nilikaa chini kwenye kizingiti nikiwaza nitamwambia nini mjomba. Upande wa mashariki wingu lilikuwa limeshasimama, jeusi, refu, limefunika kilima chote, na radi inaongea ndani yake. Nikasema kwa sauti ya kilio kwamba hakuna pazia, na mvua inakuja, labda niwapige picha haraka pale ukutani.

Mzee Elia akainua mkono akaonyesha shambani.

"Naomi, pale mbele kuna nini? Naona njano."

"Ni alizeti zako, baba. Zimechanua zote."

"Na nyuma yake kuna jeusi."

"Ni wingu la mvua."

"Nenda kasimame katikati ya hiyo njano, mama."

Naomi akaenda. Alikuwa amevaa gauni jeupe. Mzee akatoa shingo mbele, akakaza macho, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona akitabasamu mpaka fizi.

"Nakuona," alisema. "Sioni uso, lakini nakuona umesimama. Una mtoto mgongoni. Marta! Namwona Naomi!"

Mwanangu, hakuna aliyesubiri kuambiwa. Walikimbilia shambani wote, wakubwa kwa wadogo, wakiita, "Na mimi baba? Na mimi unaniona?" naye akiwa pale kwenye kigoda anajibu, "Wewe mrefu ni Yusufu! Wewe mwenye shati jekundu ni nani? Ruka nikuone!" Watoto wakaruka. Watu wazima wakaruka. Bibi Marta mwenyewe aliinua mikono miwili juu na kilemba kikamwendea upande.

Ndipo na mimi nikainua kichwa nikatazama. Jua lilikuwa magharibi, nyuma yangu, halijafunikwa bado, linapita chini chini na kuwapiga watu usoni. Alizeti ziliwaka. Na nyuma yao lile wingu, jeusi kama sufuria ya kuni, likawafanya waonekane kila mmoja alivyo. Nilikuwa nimepita katika mashamba hayo tangu utotoni na sikuwahi kufikiri kwamba ni mahali pa kupigia picha.

Tukamwongoza mzee mpaka katikati yao. Nikasema, sitawapanga, simameni mnavyotaka. Wakamkusanyikia. Yeye akapapasa hewani. "Marta, uko wapi?"

"Niko hapa," alijibu Bibi Marta akimshika mkono. "Upande wangu wa siku zote."

Mzee akacheka, wote wakacheka, nami nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Mara ya tatu tone kubwa lilikuwa limeshanidondokea mkononi. Nikaificha kamera ndani ya blauzi, tukakimbia kuelekea nyumbani, mzee amebebwa mgongoni na Yusufu huku akimwambia apunguze mwendo, yeye si mbuzi. Mvua ile ilipiga bati mpaka hatukusikiana. Tulikula ugali wa mtama na kuku, tumelowa, tunacheka tu.

Mkanda wa picha ulipelekwa Singida kusafishwa, nami sikulala vizuri mpaka uliporudi. Mjomba Yona alikuwa amenigombeza kuhusu pazia kutoka asubuhi mpaka jioni. Picha zilipofika alizishika, akaenda nazo mlangoni penye mwanga, akazitazama moja moja. Mwisho akauliza, "Hawa wanacheka nini?" Nikamsimulia. Akacheka na yeye, akaiweka moja dirishani, na tangu hapo watu wakaanza kutuita mashambani.

Mzee Elia alirudi, na upasuaji ulikuwa umekwenda vizuri. Nilimpelekea picha yake mimi mwenyewe kwa baiskeli. Nilimsalimia kwanza, safari hii hakuna aliyenikumbusha. Akaisogeza picha karibu na pua, akaipeleka mbali, akairudisha.

"Huyu mzee mwenye masikio makubwa ni nani?"

"Ni wewe, babu."

"Sikujua kama nimezeeka vizuri hivi," alisema. Kisha akaanza kuwataja wote, jina kwa jina, akigusa kila uso kwa kidole, na alipomfikia Bibi Marta kidole kikatulia hapo. Bibi Marta akajifanya anakwenda kuangalia chungu jikoni.

Basi, mwanangu, juzi umenionyesha picha zako kwenye simu. Mawingu ya Mkalama umeyapata kweli kweli, nimeyasifu na ninayasifu tena. Lakini nilipokuuliza yule aliyesimama chini ya wingu ni nani, uliniambia ni mchungaji tu. Rudi ukamuulize jina. Ukifika mahali, weka simu mfukoni kwanza, salimia, kaa, uliza habari za mifugo na za nyumbani. Mwulize mtu anataka aonekane vipi na akiwa na nani. Mbingu itafute kwa bidii, maana Mungu ametujalia kubwa, lakini uso wa mtu usiuache gizani kwa ajili ya wingu. Ukimaliza, mpelekee picha yake aione na acheke. Na mtu akikuambia hataki kupigwa, mshukuru, muage, uende zako.

Nenda sasa, mvua bado zinanyesha na alizeti zimechanua. Mungu akupe macho yanayoona watu na mikono isiyotetemeka. Akupe njia kavu unapokwenda na mvua ukishafika. Kila mlango utakaobishia hodi ukufungukie kwa kicheko, na watakaokutazama kupitia kamera yako wakutazame kama mtoto wao. Amina, mwanangu.