Kilikuwa Kikavu Mpaka Nilipokifungua

Chombo chenyewe cha kupiga picha chini ya maji hakikuzidi urefu wa mkono wangu: silinda ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, propela nne, kamera mbele, na waya wa manjano wa kukiongozea. Nilikiunda chumbani kwangu Kangemi kwa kutazama video na kuharibu vitu. Sikusomea uhandisi popote. Kwa hiyo mhadhiri wa sayansi ya bahari aliponiambia kwamba kikifaulu jaribio kitapanda meli ya utafiti Mombasa, nami nikiongoze chini kwenye matumbawe, nilianza kulala vibaya.

Tulikijaribu asubuhi ya safari, kwenye bwawa la kuogelea la ghorofa anayoishi, Kilimani. Kilizama, kikageuka, kikatuonyesha vigae vya chini na pini ya nywele.

“Hiyo pini kuna madam ameitafuta wiki mzima,” akasema mzee anayesafisha bwawa.

Mhadhiri alicheka. “Kifute, ukipakie. Usikifungue tena mpaka melini.”

“Sawa, daktari.”

Akapanda juu kuchukua mizigo yake. Nilikifuta, nikakiweka sandukuni. Nikakitoa. Ndani nilikuwa nimebandika kipande cha karatasi ya tishu, ili maji yakiingia kilegee. Upande mmoja niliuona mkavu. Upande wa pili ulifichwa na betri, na kitu nisichokiona hunitesa kuliko kibovu ninachokiona. Nikafungua skrubu.

Kikavu kabisa. Furaha yangu haikudumu, maana sasa kilikuwa kimefunguliwa, na jaribio lile halikuwa na maana tena. Nikaupangusa haraka kwa mkono wa sweta ule mpira wa mviringo unaozuia maji, nikafunga, nikakirudisha bwawani. Viputo vikaanza kupanda, vidogo, vikifuatana.

“Sasa inapumua?” mzee akauliza.

Nilikivuta kwa waya kama mtu anayeokoa mtoto. Mhadhiri alikuwa ameshasimama nyuma yangu na begi lake.

“Umekifungua.”

“Nilitaka kuhakikisha ni kikavu.”

“Kilikuwa kikavu?”

“Kilikuwa.”

Alikaa ukingoni mwa bwawa, akaniambia nikifungue, akauinua mpira juani. Uzi mwekundu wa sweta yangu ulikuwa umeganda kwenye grisi. Tishu ilikuwa imelowa pembeni tu. Betri zilikuwa salama. Nilingoja aniambie nirudi nyumbani. Badala yake alinipa kitambaa safi.

“Safisha. Paka grisi upya. Polepole, dereva aliyekuja kutuchukua atangoja.”

Nilisafisha, nikapaka, nikafunga. Tukakizamisha, tukakitazama mpaka dereva akapiga honi mara mbili. Hakuna kiputo.

“Leta ufunguo wa skrubu,” akasema. Akautia kwenye mkoba. “Wewe utakaa mbele. Mimi nitakaa nyuma na sanduku.”

Ngong Road yote nilisikia sanduku likigonga kiti. Huenda skrubu moja sikuikaza. Huenda niliikaza kupita kiasi. Nilijua namna ya kujua, na namna hiyo ilikuwa mfukoni mwangu. Tulipoingia Uhuru Highway nikanyoosha mkono nyuma, nikampa ufunguo wa pili.

Aliupokea, akafungua mkoba, akautia, akaufunga. Lakini kiganja chake kilirudi begani mwangu, kikiwa wazi.

“Na wa tatu.”

Nikainama kuvua kiatu. Ulikuwa kwenye soksi.