Shikamoo kwa Kompyuta

Juzi, katika ofisi moja pale Lulindi, niliona kompyuta ya zamani ikitoa kile kisanduku cha kijivu: programu imeshindwa kuanza. Chini yake kitufe kimoja tu, OK. Nikasikia tena harufu ya vumbi la Newala.

Nilipokuwa mdogo mama alikuwa karani wa shule huko, na siku moja alama za mtihani zilitakiwa jioni ileile. Mkuu wa shule alitufungia geti la chuma kwa nje, kompyuta isije ikaibwa, akaenda zake sokoni. Madirisha nayo yalifungwa kwa sababu ya vumbi. Chumba kilinuka jasho na plastiki ya moto. Nje, bomba lililokauka muda mrefu lilikuwa limeanza kutoa maji, na tulisikia ndoo za wenzetu zikigongana.

Mama alibofya programu ya kujazia alama. Kisanduku kikaja na mlio wake. Akabofya OK, akaizima mashine, akaiwasha. Kisanduku kilekile.

"Mama, mbona inakataa?"

"Ni ya zamani sana, mwanangu."

Hapo nikaelewa. Kumbe ni mzee, na sisi hatukuwa tumemwamkia. Nikasogea, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Kisha sauti nzito, ya kukwaruza: "Marahaba."

Nilifurahi, nikajua sasa itafunguka. Leo najua programu ile ilikuwa mpya kuliko mashine, isingefunguka hata tungelala pale. Najua pia kwamba mama alikuwa ameinamia meza, uso ameuficha kwenye khanga, sauti ile ikitoka humo, na kwamba nje ndoo zilikuwa zimeshanyamaza, maji yamekatika tena.