Paa Nililolinyima Moshi

Ta. Ta. Ta. Mpaka leo nalisikia lile tone likigonga sinia la bibi, masika ya pili tangu nyumba yetu ya Kisarawe iezekwe upya. Kwanza nilicheka. Bibi, ambaye kwa utani aliniita mke mwenzake, kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wa kike, akasema, "Mke mwenzangu, sogeza sinia. Paa linatutemea mate."

Sababu ya tone lile niliijua peke yangu.

Makuti yanataka moshi. Kila siku ya masika, nikitoka shule na bibi bado yuko shamba, kazi yangu ilikuwa kuwasha makumbi ya nazi pale mafigani, ndani ya nyumba, moshi upande ukayakaushe makuti. Bila hivyo yanashika unyevu, yanaota ukoga wa kijani, na kuti likishaota ukoga halikawii kuoza. Hayo niliyajua hata kabla sijajua kusoma.

Lakini gauni nilikuwa nalo moja, na shuleni wenzangu walikuwa wananinusa. "Pisheni, samaki wa kubanika amefika." Nami nilikuwa naota kuwa mwalimu, nikae nyumba ya bati kama ya karani wa boma. Basi nikaacha kuwasha. Jioni nikimwona bibi kwa mbali anarudi, nachoma kumbi moja mlangoni, naupepea moshi ndani kwa ungo. Bibi akiingia anavuta pumzi. "Umefanya kazi, mke mwenzangu." Naitikia. Masika nzima naitikia.

Mvua zilipokatika, mjomba akapanda ngazi kulitazama paa. Makuti yakamkatikia mkononi, yamelowa ukoga. Akalitupa moja chini.

"Hili kuti au kisamvu? Kayasuka nani haya?"

Alijua fika. Aliyasuka jirani yetu mjane, ambaye makuti ndiyo yaliyomlisha. Naye alikuwa amesimama pale uani na majirani wengine.

"Uliyaroweka majini siku ngapi kabla ya kuyasuka, dada?"

"Tatu, kaka. Kama siku zote."

"Basi hizo siku zote zako ni chache."

Watu wakacheka. Wawili kati yao walikuwa wamemwagiza makuti; nikawaona wanatazamana. Kabla juma halijaisha wote wawili walikwenda kuagiza kijiji cha pili.

Mimi nilikuwa nimeshika ngazi. Nilikuwa na la kusema, nikaangalia nyayo za mjomba mpaka mjane akaondoka.

Alirudi na makuti mapya kichwani, akakataa kupokea chochote. "Kosa langu," akamwambia bibi. "Sasa nitaroweka siku saba."

"Uzee huo, mwenzangu," bibi akamjibu kwa upole. "Mikono inasahau."

Mjane akaitazama mikono yake, akaigeuza, kama analitafuta hilo kosa. Kama bibi angemkaripia, labda ningesema. Ule upole ndio ulionifunga mdomo.

Kesho yake nilivizia mjane aende kukata makuti. Shimo lake la kurowekea lilikuwa limekauka hadi nusu. Nikateka maji kisimani, debe baada ya debe, nikalijaza mpaka ukingoni. Halafu nikavunja tawi, nikafuta nyayo zangu kurudi nyuma hadi njiani.