Magauni Yasiyofunga Nyuma

Shangazi yetu, ambaye wodi zote zilimwita Mama Cherehani, alikuwa fundi nguo wa hospitali. Chumba chake kilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, kina dirisha moja na harufu ya shuka zilizotoka kupigwa pasi. Hospitali yenyewe ni ya shirika lisilotafuta faida, lenye hospitali kadhaa mkoani. Ya kwetu tuliijenga wenyewe, kwa michango na kwa kubeba mawe, ndiyo maana jambo hili la magauni liliuma.

Kwa miaka alishona magauni ya wagonjwa yenye kamba mgongoni kote. Kisha makao makuu wakaleta mtindo mpya: kitambaa chepesi, kamba moja tu shingoni. Aliuliza, akaambiwa ashone. Akashona, amebetua midomo.

Ikatokea baba mkwe wake akalazwa, kifua kinamsumbua. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kuchomekea shati hata akienda kumwaga takataka. Shangazi alipokwenda kumwona, alimkuta kwenye korido, njiani kwenda eksirei, mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine unahangaika kuvuta gauni nyuma. Benchi zima la watu linamtazama. Mzee akageuka, akamwona mkamwana wake yuko nyuma yake. Akajibanza ukutani.

"Mwanangu, rudi," alisema kwa kunong'ona. "Usipite huku."

Shangazi akavua koti lake la kazi, akamrushia huku amegeuza uso. Mzee akajifunika, akarudi wodini, akavaa nguo zake na kwenda nyumbani. Eksirei hakupiga.

Shangazi akampandia meneja ofisini, gauni mkononi.

"Hili nani kalibuni?"

"Mama, ndilo la hospitali zetu zote. Linamrahisishia daktari kazi."

"Daktari anautaka mgongo dakika mbili. Wale wa kwenye benchi wanautakia nini?"

"Tulia kwanza, mama."

"Situlii! Livae wewe, upite nalo mapokezi, na mama mkwe wako awe amekaa pale. Ukirudi unacheka, nitaendelea kushona."

Meneja hakulivaa. Alimpa onyo. Shangazi akashuka, akajifungia, akaanza kuunga vipande vya shuka kuukuu kwenye migongo ya magauni yote yaliyokuwa stoo. Wauguzi wakawa wanakuja kuyachukua kimyakimya. Makao makuu hawakuomba radhi wala kubadili mtindo, walijifanya hawaoni.

Baba mkwe alibembelezwa sana ndipo akarudi, amevaa gauni linalofunga. Picha ikaonyesha maji yamejaa kwenye pafu. Daktari akasema kama wangeyawahi mapema, pafu lisingeharibika.

Mzee alipona, ila pumzi haikumrudia yote. Siku hizi akipanda ngazi za nyumbani hukaa katikati kupumzika. Shangazi akimkuta amekaa pale, huwatukana makao makuu kwa sauti, mpaka mzee anamshika mkono: "Basi, mwanangu. Majirani wanasikia."

"Wasikie!"