Pole ya Mpelelezi

Nina kiti changu dirishani, nyumbani kwangu mtaa wa Musaga, na sijaona bado kitu huko nje kinachokishinda. Kwa hiyo rafiki yangu wa tangu sekondari aliponiita mtaa wa Kinindo, kwenye kikao cha wapenzi wa hadithi za upelelezi, nilikwenda kwa sababu ya ubishi wetu tu. Shuleni tulisoma pamoja kitabu kimoja cha zamani cha Kifaransa. Sasa kimegeuzwa tamthilia ya televisheni, mpelelezi ana simu mbili. Yeye anasema wamekiharibu. Mimi nasema wamekitengeneza.

Ushahidi wangu ni mmoja. Mpelelezi anampelekea mama habari ya kifo cha mwanawe. Kitabuni anaondoka kama mtu aliyeleta barua. Kwenye tamthilia anasema: "Mama, pole. Hata mi nimechoka na hizi habari." Niliisikia wiki tuliyomzika kaka yangu. Wote walinipa pole yenye mawaidha ndani. Ya mpelelezi tu haikuwa na kitu ndani.

"Nenda, papa," mke wangu alisema. "Kiti kina miguu minne na hakijawahi kukutoroka."

Kinindo tulikuwa watu ishirini hivi uani. Mmoja alivaa koti refu la mpelelezi kwenye joto lile. Nilimhurumia kuliko maiti yoyote ya hadithini. Nikasimama, nikasema yangu, wengine wakatikisa kichwa. Dada mmoja mwenye kompyuta akauliza, "Ni kipande gani, muzee?"

"Cha nne."

Akakimulika ukutani. Mama akaketi. Mpelelezi akasimama mlangoni, akatoka, akafunga. Hakusema neno.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha. Mlango ukafungwa tena.

Rafiki yangu akapiga paja. "We uliangalia ya nani? Ya mufasiri wa Nyakabiga?"

Ndiyo. Kwetu filamu huja kwenye flashi, na sauti ya mfasiri juu yake akituelezea kwa Kiswahili. Waigizaji wakinyamaza, yeye hawezi. Nimewahi kumsikia akiwasalimu wakwe zake katikati ya risasi. Nilijua hayo yote, na bado ile pole nilihesabu ni ya mpelelezi, kumbe ni ya mfasiri.

"Umeshindwa! Sema!" rafiki yangu akadai. Mwenye koti ndiye aliyecheka zaidi, jasho likimtiririka.

"Nimeshindwa."

Nilikunywa Fanta ya aliyeshindwa, nikaaga mapema. Rafiki yangu akanisindikiza hadi langoni, hacheki tena. Kaka yangu alikuwa amemfundisha kuendesha baiskeli.

"Alisema aje, ule mufasiri?"

Nikamwambia, neno kwa neno.

"Iyo flashi ungali nayo?"

"Iko nyumbani."

"Apana kuipoteza. Nitakuja kuiangalia kwako."

"Basi uje na kiti," nikamwambia. "Changu sikitoi."

Nyumbani mke wangu aliuliza nani ameshinda.

"Mutu wa Nyakabiga," nikasema, nikavua viatu.