Antena Iliyofukizwa Uunsi

Serikali ilinipeleka Garissa kufundisha fizikia, nami nikaamua kuondoka kwa heshima: nisome shahada ya uzamili kwa posta, kisha chuo cha Nairobi kiniajiri. Utafiti wangu ulihusu antena bapa, yaani kipande cha shaba kilichoinuliwa kidogo juu ya bati. Ugonjwa wa antena hizi ni kushika bendi nyembamba tu, yaani masafa machache ya mawimbi ya redio, na mimi niliapa kuipanua. Dawa yake ni kuongeza nafasi kati ya shaba na bati. Kwa kuwa vifaa vya maana vilikuwa ng'ambo, nafasi yangu niliijaza lile povu gumu jeupe linalotoka kwenye katoni za televisheni. Sayansi ya hali ya juu kabisa.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama wa Kisomali aliyefukiza nguo, mito, hata mapazia. Nilimwita Eddo, yaani shangazi, kama majirani walivyomwita. Siku ya kupeleka antena ikapimwe, nilirudi kutoka kukata tiketi nikakuta shati langu limetandazwa juu ya chetezo, na antena imelala papo hapo ikifuka uunsi, ule uvumba wa Kisomali.

"Mwalimu, wazee ya chuo wasikie harufu nzuri," akasema. "Fitu yako ilinuka moto ya waya."

Upande mmoja wa povu ulikuwa umenywea kwa joto la makaa, shaba imeinama kama kofia ya mlevi. Nilitaka kulia, lakini basi lilikuwa linapiga honi. Nikapanda nayo hivyo hivyo, nikinukia kama bwana harusi.

Chuoni waliipima, wakapima tena. Bendi ilikuwa pana kuliko hesabu zangu zilivyothubutu kuahidi. Msimamizi wangu akasema kule kuinama ni ubunifu, akauliza nilifikiaje pembe ile. Nikamweleza habari za chetezo. Hakucheka. Alitaka antena ya pili, iliyoinama vilevile, ndipo shahada itoke.

Nikarudi Garissa mbio, nikakata povu jipya, nikampelekea Eddo kwa adabu zote za msomi anayeomba kuharibiwa kazi yake.

Hakuinuka mkekani. "Chetezo ile bale," akaonyesha pembeni kwa kidevu. "Mgeni ndiye anafukiziwa. Wewe sasa ni mtoto ya nyumba, fukiza mwenyewe."

Nikachutama, nikapuliza makaa, moyo ukiniuma. Shahada ile niliitafuta ili niondoke kwake.